Mzee Bohari Akae Katikati

Mzee Bohari aliagiza bakuli. Mkewe akamletea lile dogo la kioo kutoka jikoni, wala hakuuliza la nini, kwa sababu katika ndoa ya miaka mingi mtu hujifunza kuchagua maswali. Mzee akaliweka juu ya picha yake kubwa, aliyokwenda kupigwa studio kwa ajili ya kustaafu, akachungulia kupitia kitako cha bakuli, akalisogeza huku na huku mpaka kichwa chake kikaenea sawasawa ndani ya mduara. Kisha akauzungushia kalamu ya wino.

"Hivi," alisema. "Uso wangu katikati. Na usibakishe nafasi."

Mkwe wake alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono ameibana katikati ya magoti. Mtaani walimwita Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti zake mapacha, na kazi yake ilikuwa kurekodi sherehe za watu na kuwachomea diski. Siku hiyo ya Jumanne alikuja na michoro mitatu ya mgongo wa diski za kumuaga mzee, aliyoihangaikia usiku mzima. Katika yote, mzee alisimama sehemu ya juu akiwa amependeza, jina na miaka yake ya kazi vikiwa chini, na katikati palikuwa na kiduara kitupu. Mzee aliitazama michoro ile kama anayekagua magunia yaliyoloa.

"Hapa katikati pana nini?"

"Hapana kitu, Baba."

"Ndiyo nasema. Katikati hapana kitu, na mimi umenitundika juu kama saa ya ukutani. Nani anastaafu?"

"Wewe, Baba."

"Mgeni rasmi hukaa wapi?"

"Katikati."

"Bwana harusi?"

"Katikati, Baba."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

Hapo ndipo Baba Pacha alipotakiwa kusema jambo moja tu, jambo ambalo hata mabinti zake wa darasa la pili walilijua: kwamba diski ina tundu katikati. Tena si tundu tu. Pembeni mwa tundu kuna pete ya plastiki inayopitisha mwanga, ambayo mashine haiwezi kuchora juu yake hata ukiibembeleza. Alifungua mdomo.

"Baba, kuna kitu kidogo kuhusu hapo katikati…"

"Unataka kuniweka pembeni?"

Akaufunga. Mkwe ni mkwe. Wahenga walituambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuachia neno lolote kuhusu yule anayelisikia.

Mzee alikata picha kwa mkasi, akaigeuza, akasaini nyuma, akaandika tarehe, kisha akaigongea muhuri. Alikuwa ametunza bohari la idara ya maji kwa miaka thelathini na mmoja, na muhuri wa kuidhinishia vifaa alirudi nao nyumbani kila jioni kwa madai kwamba ofisini hapana usalama.

"Makubaliano ni yale yale," alisema. "Jumamosi kwenye kuniaga atakuwepo Mkurugenzi na wakuu wote. Diski zikinipa heshima, sitasema neno tena juu ya hiyo kazi yako ya kukaa mbele ya kompyuta. Zikiniaibisha, nafasi ya msaidizi wa bohari iko wazi na barua nimeshakuandikia. Mashine unauza, Jumatatu unaripoti."

"Sawa, Baba."

Na hiyo "sawa" aliisema kwa moyo mzito sana, kwa sababu mashine ile aliipenda.

Mtu asiyeijua angedhani ni mashine ya kuchomea diski kama nyingine zote. Kweli, ulianza kwa kuchoma picha na sauti upande wa chini kama kawaida. Lakini ukimaliza uliitoa diski, ukaipindua kifudifudi, ukairudisha, na ule mwali wa leza ulioandika yale ya ndani sasa ulichora juu ya mgongo wake. Hakuna wino, hakuna karatasi ya kubandika. Diski zenyewe zilikuwa za namna yake, zina rangi ya dhahabu iliyofifia, na mchoro ulitokea kwa rangi ya kahawia iliyokolea kama picha za zamani. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa Baba Pacha. Wateja walipitisha vidole juu ya maandishi wakitafuta mahali yalipobandikwa, wasipaone, na hapo yeye alijiona mtu.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Mwali ule ulijua kutia weusi tu, kuutoa haukujua. Ukikosea umekosea.

Jumatano asubuhi, mkewe alipokwenda kwenye saluni yake kusuka na watoto wakiwa shule, Baba Pacha alichora ya kwanza. Dakika ishirini na tano alikaa akiisikiliza mashine inavyokoroma, akijipa moyo kwamba labda haitakuwa mbaya kiasi hicho. Ilikuwa mbaya kuliko hicho. Kilichotoka kilikuwa upara, masikio mawili na kidevu. Macho, pua na mdomo vyote vilikwenda na katikati.

Alishika simu akampigia mzee.

"Ndiyo?" Sauti ya Mzee Bohari ilisikika kama imetoka nyuma ya meza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

Baba Pacha aliutazama ule upara. Aliyatazama yale masikio, na yalionekana kweli yanamsikiliza.

"Nilitaka kukujulia hali tu, Baba."

"Mimi mzima. Umefikia ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Acha simu, fanya kazi."

Akafanya, usiku na mchana. Zilikuwa diski arobaini, boksi zima na la pekee lililokuwepo dukani, na kila moja aliichoma chini, akaipindua, akaichora juu. Kila iliyotoka aliiingiza haraka kwenye bahasha yake na kuifunga, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua kabla wageni hawajanusa. Alhamisi jioni mkewe aliporudi, vidole vikimuuma, alikuta bahasha zimepangwa safi juu ya kabati.

"Nione basi baba yangu alivyotoka."

"Bado ni siri ya kazi."

"Na yeye ameridhika?"

"Amegonga muhuri."

Mama Pacha alimwangalia mumewe. Alimjua vizuri. Mume wake alipokuwa na furaha alizungumza mpaka akachosha. Alipokuwa na jambo alijibu kwa maneno mawili mawili. Lakini miguu ilikuwa inamuwaka moto, na watoto walitaka kula, akaliacha.

Ijumaa mchana alikuja mama mkwe kuchukua mzigo. Alikuwa mama mwepesi wa miguu na wa kucheka, na hakuna aliyewahi kuelewa alikutana vipi na Mzee Bohari. Mama Pacha alikuwa amefunga saluni mapema ili amsaidie kubeba. Baba Pacha aliwaonyesha kasha lililofungwa kwa utepe wa gundi kila upande.

"Zote zimo, Mama. Heri zisifunguliwe, vumbi."

"Mwanangu, mimi nimeishi na mtunza bohari," alisema mama mkwe akitafuta kisu. "Mzigo haupokelewi bila kukaguliwa."

Akatoa bahasha moja, akaichomoa diski. Mama Pacha alisogea akachungulia juu ya bega la mama yake.

"Huyu nani?" aliuliza mama mkwe.

"Ni… ni Baba."

"Baba yuko wapi?"

"Katikati," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo.

Mama mkwe aliisogeza dirishani. "Masikio ni yake," alikiri. "Masikio haya ningeyatambua hata gizani." Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia kwa upande wa kanga, kikamshinda, akakaa chini sakafuni na diski yake mkononi. Kila akimaliza, aliitazama tena, akaanza upya.

Mama Pacha hakucheka. "Zote ziko hivi?"

"Zote arobaini."

"Na ulijua?"

"Yeye ndiye alisema katikati! Alipima kwa bakuli, mke wangu. Alisaini."

"Nauliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Jamani! Mimi nasuka vichwa vya watu mpaka usiku ili hiyo mashine yako ipate diski, wewe unashindwa kumwambia mzee wa watu kwamba diski ina tundu? Jumatatu utakuwa unahesabu mabomba!"

"Ungekuwa wewe ungemwambia?"

Mama Pacha akafikiri kidogo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na ukweli ni kwamba hajawahi kumwambia baba yake hata kwamba redio yake ina kelele. "Mimi ni mwanawe," alisema hatimaye. "Ni tofauti."

Walijaribu kuokoa jahazi. Mashine ilikuwa na uwezo wa kurudia diski ile ile mahali pale pale bila kupishana, kwa hiyo Mama Pacha akashauri waongeze kitu cha kuvuta macho ya watu, mwanga kama wa jua linalochomoza nyuma ya kichwa. Baba Pacha akauchora mwanga kwenye kompyuta, wakaitia diski moja, wakasubiri nusu saa. Lakini mwanga haukuwezekana kwa mashine inayojua kutia weusi peke yake. Miale yote ilitoka myeusi, na mingi ikaangukia upara.

"Tumemwotesha nywele," alisema Baba Pacha.

Mama mkwe aliichukua diski ile, na mara hii hakucheka. Aliitazama muda mrefu. "Hivi ndivyo alivyokuwa aliponioa," alisema. "Zilisimama hivi hivi, hata kitana hakikupita. Hii ni yangu, msimpe mtu." Akaiweka kwenye mkoba wake. Kisha akainuka, akajikung'uta, akazirudisha nyingine kwenye kasha. "Hizi zinakwenda kama zilivyo. Kapima mwenyewe, kasaini mwenyewe. Apokee mzigo wake."

Jumamosi ukumbi wa idara ulijaa. Mzee Bohari alikaa mbele, katikati kweli kweli, suti imempanda mabegani, Mkurugenzi kulia kwake na mkewe kushoto. Baba Pacha alijificha nyuma ya kamera yake. Aliomba umeme ukatike. Aliomba mvua. Mshereheshaji akatangaza kwamba kila mgeni atapokea zawadi ya kumbukumbu, ndani yake mna picha za utumishi wa mzee na salamu za wenzake, na kazi hiyo imefanywa na mkwe wake mwenyewe, apigiwe makofi. Makofi yakapigwa. Bahasha zikagawiwa.

Mkurugenzi alikuwa mama ambaye wafanyakazi wengi hawakuwahi kuyaona meno yake. Alifungua bahasha, akaitoa diski kwa utaratibu, kama anavyoishika mtu anayejua kwamba diski haiguswi chini: kidole tunduni, dole gumba ukingoni. Kidole kikatokezea upande wa picha. Na hapo, kati ya masikio mawili na juu ya kidevu, Mzee Bohari akapata pua, ndefu, yenye ncha iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha.

Mkurugenzi alikitazama kidole chake. Akakikunja. Akakinyoosha. Meno yakaonekana yote.

Kicheko chake kilikuwa ruhusa. Wakuu wa idara wakaingiza vidole. Makarani wakaingiza. Dereva mmoja alitumia kidole kidogo, akamfanya mzee mtoto. Fundi bomba alitumia dole gumba, likakwama, jirani yake akawa anamvuta. Ukumbi mzima ulijaa wazee bohari wenye pua za kila aina, wanaitikiana, wanasalimiana kutoka meza hadi meza.

Mzee Bohari akavaa miwani. Akaitoa diski yake. Akaitazama upande huu, akaipindua, akairudisha. Kisha akainua kichwa akamtafuta mkwe wake kwa macho mpaka akampata.

"Mimi niko wapi?"

Baba Pacha angependa sakafu ifunguke immeze. "Katikati, Baba."

Mzee alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa kumi na mbili. Alisimama, akaweka karatasi zake sawa, akatazama mbele, na mbele yake nusu ya ukumbi ilikuwa bado imeshika nyuso zake na vidole vinacheza. Akasoma ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili, penye habari za upotevu wa koki mia mbili, watu wakaangua kicheko mahali ambapo hakukusudia kabisa. Akakunja karatasi. Akashukuru. Akakaa. Mkurugenzi akamwinamia, machozi yakimtoka, akamwomba diski nyingine mbili za kupeleka makao makuu, maana tangu aanze kazi hajawahi kuagana na mtu kwa furaha namna hii. Mzee alisema ataangalia kama zipo. Uso wake haukuonyesha kitu, na Baba Pacha, aliyekuwa anamrekodi kwa karibu, alimwonea huruma mpaka akaielekeza kamera meza nyingine. Alimpenda mzee yule. Hilo ndilo lililokuwa tatizo tangu mwanzo.

Jumapili asubuhi mlango uligongwa mara tatu. Mzee Bohari aliingia na mfuko, mkewe nyuma yake. Hakukubali chai. Alikaa, akatoa kwenye mfuko koti la kaki la bohari, lililofuliwa na kupigwa pasi, akaliweka juu ya meza, karibu na mashine. Mama Pacha alisimama kwenye mlango wa chumbani, akawazuia mapacha wasitoke.

"Nakuuliza, nijibu," alisema mzee. "Ulijua kwamba pale pana tundu?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoagiza bakuli."

"Na ukachora ngapi?"

"Arobaini."

"Ukijua."

"Nikijua, Baba. Nisamehe. Niliona nikikwambia nitakuwa nimekukosea adabu."

Mzee alitikisa kichwa polepole, na Baba Pacha akajikaza kwa ajili ya maneno yatakayokuja. Lakini mzee akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu asiye na mazoezi.

"Umefaulu," alisema.

"Nini, Baba?"

"Nimefundisha wasaidizi saba bohari lile. Wote walinishinda kwa domo. Nikisema bomba likae hapa, wananiambia litaota kutu. Nikisema hesabu ianze juu, wanasema ianze chini. Wewe nimekupa agizo bovu, umeliona ni bovu, umefunga mdomo, umelitekeleza mara arobaini bila kupunguza hata moja. Mwanangu, mtu wa namna hiyo hatafutwi kwa tangazo. Serikalini utafika mbali." Akalisogeza koti. "Lijaribu. Mikono ikizidi, Mama Pacha atakunja."

Baba Pacha alilitazama koti. Lilikuwa safi, na mfukoni tayari palikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Akamtazama mkewe, naye mkewe hakumsaidia kwa neno wala kwa macho. Alikuwa ameshika vichwa vya watoto na anasubiri. Mama mkwe ndiye aliyekuwa amejifanya anatazama dari. Baba Pacha alihisi ile "sawa, Baba" yake ikipanda kooni yenyewe, kwa mazoea. Akaimeza.

"Hapana, Baba."

Mapacha wakaacha kusukumana. Katika nyumba zile mbili neno hilo halikuwahi kuelekezwa upande ule.

"Umesema?"

"Hapana. Sitaki." Mdomo ulikuwa umeshafunguka na haukurudi nyuma. "Na jingine, Baba. Ulikosea. Diski haina katikati ya kuweka mtu, katikati yake ni ya mashine kuishikia. Ule mchoro wangu wa kwanza, ulimokuwa umesimama juu, ndio uliokuwa sahihi, na ulipendeza ndani yake. Hii ndiyo kazi ninayoijua. Wewe unajua bohari, mimi najua diski. Nilitakiwa nikwambie, nawe ulitakiwa unisikilize."

Alipomaliza alikuwa amesimama, hakujua ameinuka saa ngapi. Mama mkwe alishusha macho kutoka darini. Mzee Bohari alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kuanzia miguuni, kama mtu anayepokea kitu tofauti na alichoandikiwa kwenye hati na hajaamua kama atakirudisha.

"Maneno hayo," alisema mwishowe, "ungeyasema Jumanne, leo ningekuwa na uso."

Akalikunja koti lake, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akalirudisha kwenye mfuko. Halafu akamwambia binti yake kwamba ile chai sasa ataikubali.